Bawa la Nyuki Kwenye Chupa ya Tajiri

Nimewahi kukuta bawa la nyuki kwenye mkojo wa mtu, nikaliangalia vizuri, nikalikubali. Naanza na hilo makusudi, ninyi vijana mnaosomea maabara, msije mkadhani mnasoma habari za mtu aliyezaliwa na akili. Akili zangu zilichelewa kama lori la Chunya wakati wa masika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, Mbeya, kwenye hospitali ndogo ya bondeni ambayo jina lake naliacha lipumzike. Maabara yangu ilikuwa chumba kimoja chenye meza, darubini yenye ukungu kwenye jicho, na taa ya spiriti. Leo mnachoma kidole, kimashine kinaandika namba, mnarudi kwenye simu zenu. Sisi tulikuwa tunapika. Unatia dawa ya bluu kwenye neli ya kioo, unadondosha matone manane ya mkojo, manane, si tisa, unachemsha taratibu juu ya moto. Ikibaki bluu, mtu hana sukari. Ikiwa kijani, ana kidogo. Ikifika rangi ya tofali la kuchoma, mwite Dakta na usikimbie, maana utadondosha neli. Na mdomo wa neli usiuelekeze usoni kwako. Mimi niliuelekeza mara moja, nikanawa uso kwa mkojo wa karani wa boma, na mpaka leo sijui kama nilipaswa kumshukuru.

Kazi nilifundishwa kwetu Iringa na Mzee Mhongole, Mbena mmoja mfupi, mkali, asiyecheka ila mtu akianguka. Dawa ya bluu ilikuwa inatoka mbali na ilikuwa haba, kwa hiyo mzee alikuwa na sheria yake ya kuibania.

"Kalinga," aliniambia siku ya kwanza, "kabla ya kutazama chupa, tazama miguu. Aliyevaa viatu, mpime sukari. Aliye peku, mpe kopo alete choo, utafute safura. Peku atapata wapi sukari? Na mwenye viatu minyoo itampandia wapi?"

Niliona ni hekima kubwa. Mayai ya minyoo kweli yalijaa kwa watu wa peku, na sukari kweli tuliikuta kwa watu wa viatu, maana hao tu ndio tuliowapima! Naomba msome tena hapo. Mimi ilinichukua miaka kuliona.

Basi nikahamia Mbeya na sheria yangu kichwani. Dakta wetu alikuwa Mzungu mrefu, mtu mwema, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza maji ya moto. Siku moja alimkuta mzee mmoja wa Rungwe, mwenye kahawa nyingi, ana sukari. Akamweleza mbele ya watu wote barazani: "Huu ni ugonjwa wa watu wanaokula vizuri." Alikuwa anamwonya, maskini. Watu walisikia anamsifu.

Lo! Habari ikapanda mjini kabla ya saa sita. Jumapili iliyofuata yule mzee alikuwa kwenye harusi, akaletewa chai, akaisukuma kwa kidole. "Mimi bila sukari," akasema kwa sauti ya kanisani. "Dakta amenikataza. Nimekula sukari nyingi mno maishani." Wanawake wakanyamaza kwa heshima. Na pale pale, mwisho wa mkeka, walikuwepo watu wanakunywa chai ile ile bila sukari kwa sababu sukari haikuwafikia, na hakuna aliyewaheshimu kwa lolote.

Kuanzia hapo nikawa mtu muhimu. Wenye viatu walikuja na mikojo yao kwenye chupa za manukato, zimefungwa kwa leso. Ukimwambia mtu hana sukari, ananuna. Mmoja aliniuliza kama siwezi kumtafutia hata kidogo.

Lakini hakuna aliyeutaka ugonjwa ule kama Bwana Asegelile. Huyu alikuwa Mnyakyusa mwenye kifua cha jogoo, aliyechimba dhahabu Makongolosi miaka kadhaa, akapata, akaja kufungua duka Mbeya. Alikuwa na lori moja, kofia mbili, na viatu vya ngozi nyekundu vilivyokuwa vinalia kwee, kwee, ukamsikia kabla hujamwona. Mara ya kwanza alileta chupa, nikapika, ikabaki bluu kama mbingu ya Juni.

"Pika tena," akasema.

Nikapika tena. Bluu.

"Dawa yako imeoza, Mhehe wewe."

"Dawa nzima, bwana. Mzima ni wewe."

Aliondoka kwee, kwee, kwa hasira. Nilipokwenda kumwaga, chini ya chupa palikuwa na mchanga mweupe. Nikagusa, nikanusa, na kama mnataka kujua, sikuonja. Jamaa alikuwa ametia sukari ya dukani kwake mwenyewe. Sasa shikeni hili, ni la kazi: sukari ya dukani, ile nyeupe, haigeuzi dawa ya bluu hata ukitia kilo. Asali inageuza. Mimi wakati ule sikulijua hilo, ila yeye, kwa kujaribu tu, alikuwa njiani kulijua.

Wiki hizo hizo alikuwa anakuja mtu mwingine, na huyu ndiye habari yenyewe. Jina lake Lwitiko, hamali, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwao Mbalizi. Alikuwa anasukuma mkokoteni na kupakua magunia kwenye duka la huyo huyo Asegelile. Zamani alikuwa anabeba gunia la mahindi kama mtu anavyobeba mtoto. Alipofika kwangu mara ya kwanza, shati lilikuwa linamning'inia kama limesahauliwa kwenye kamba.

"Kaka, nakunywa maji sishibi," aliniambia. "Mtungi mzima. Halafu yote nayakojoa. Na nakula, mke wangu Tumpe shahidi, lakini nakwisha."

Nikamtazama miguu. Peku. Nikampa kopo.

Mayai ya minyoo hayakuonekana, lakini nikasema yamejificha, nikamwandikia dawa ya safura. Akarudi amekonda zaidi, na kidonda kwenye kisigino, amekanyaga msumari wa sanduku na hakiponi. Nikampa kopo. Mara ya tatu alikuja ameshikwa mkono na Tumpe, mwanamke mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno. Wametembea kwa miguu kutoka Mbalizi.

"Baba," Tumpe akaniambia, "nyumbani kwetu akikojoa nje, sisimizi wanakuja. Wanapanga mstari. Mimi sijasoma, lakini sisimizi hawaji bure."

Haki ya Mungu, aliniambia hivyo hivyo, bila kukwepesha maneno. Ndicho kipimo cha kwanza cha sukari duniani, kilikuwepo kabla ya neli na spiriti. Nami nikamjibu nini? Nikamwambia, "Mama, hospitalini hatutumii sisimizi." Nikampa mumewe kopo la tatu. Nikikumbuka uso wa yule mama naona haya mpaka leo, na miaka yenyewe hii niliyonayo.

Siku mbili baadaye Bwana Asegelile akarudi, mpole, na chupa mpya. Nikapika. Dawa ikapita kijani bila kusimama, ikapita njano, ikawa tofali! Sijawahi kuona tofali kama lile. Nikachungulia mkojo wenyewe: mzito, unanata, na juu yake linaelea bawa la nyuki.

Nikafikiri. Nataka mjue kwamba nilifikiri kweli, nimeshika kidevu. Nikasema: hawa si sisimizi wa Mbalizi. Sukari ya mtu mkubwa ni nyingi mpaka nyuki wameifuata. Nikaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri: "Sukari nyingi sana. Nyuki mmoja." Dakta akasoma sukari, la nyuki nadhani alidhani ni Kiswahili kigumu.

Hospitali ilikuwa na chupa mbili tu za dawa ya sindano, insulini, tunazihifadhi kwenye chungu chenye kitambaa kibichi upande wa baridi. Chupa hizo zilikuwa za kumwokoa mtu mmoja kwa wiki kadhaa. Zikaandikwa jina la Asegelile. Kesho yake asubuhi akaja kwa lori, na mashabiki, akachomwa ya kwanza. Dakta akamsisitizia: nenda ukale sasa hivi. Nikamtafsiria. Asegelile akacheka. "Kula? Wenye sukari wanakatazwa, ninyi mnaniambia nile?" Akaondoka hajala kitu, anasimama kila duka kuonyesha alipochomwa.

Sasa insulini kwa mtu mwenye sukari ni uhai. Kwa mtu asiyeugua, tena mwenye njaa, inamaliza ile kidogo aliyonayo mwilini. Alipofika dukani kwake akaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanapishana. Waliokuwepo walisema alipanda juu ya gunia la chumvi akahubiri. Kisha akavua viatu vyekundu, akamwita Lwitiko aliyekuwa ameegemea mkokoteni hana nguvu. "Vaa hivi wewe. Mimi vinaniunguza." Lwitiko akakataa. Akafokewa. Akavaa. Na bwana akaanguka.

Dereva wa lori alikuwa ameshaondoka kwenda Tukuyu. Lwitiko akampakia tajiri wake mkokotenini, juu ya magunia matupu, wakashuka mtaa kuja hospitali. Alikuwa amebaki mifupa. Mteremko ndio uliofanya kazi, yeye alining'inia tu nyuma. Nikasikia kwee, kwee, kwee, nikatoka kumpokea Bwana Asegelile. Nikamwona Lwitiko ndani ya viatu vyekundu, na kwenye mkokoteni tajiri peku, macho juu.

Hapo ndipo sheria ya Mzee Mhongole ilipofanya kazi kuliko ilivyowahi kufanya. Nilichanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa anafuata alichokariri. Wamelala mabenchi mawili, wote wanahema. Nikatazama miguu. Mwenye viatu: nikachukua mkojo wake. Aliye peku: nikamwekea kopo kifuani. Kumbukeni ni watu wale wale niliowajua kwa majina! Lakini miguu ilishasema.

Nilipoinama kwa Lwitiko, pumzi yake ilinukia mapera yaliyoiva kupita kiasi. Ijueni harufu hiyo, vijana. Mtu wa namna hiyo hana siku nyingi. Nikaweka matone manane, nikawasha moto. Tofali. Safi, bila bawa. Nikazikumbuka safari zote zile za Mbalizi, na makopo matatu, na sisimizi waliopanga mstari wakinisubiri mimi msomi.

Huku benchi la pili Dakta amepiga magoti, anapekua mifuko ya koti la Asegelile, anapiga kelele, "Sukari! Leta sukari!" Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amekwenda kunyoa. Kisha mkono wa Dakta ukatoka mfukoni na kichupa cha asali ya Chunya, nyeusi, kimebaki nusu, na ndani yake nyuki mzima, amepungukiwa bawa moja.

Tulitazamana, mimi na yule nyuki.

Dakta akampaka asali ndani ya mashavu, tena na tena. Haikupita muda Asegelile akaketi, akalamba midomo, akasema, "Nani amenipa hii? Hii ni yangu." Kisha akatuona tunavyomtazama, akajua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alificha uzima, na kikamuumbua vilevile.

Lakini kwa kuwa kopo alikuwa nalo na tumbo limemtibuka, alilitumia. Nikaweka kwenye darubini. Mayai ya safura tele! Ameyabeba tangu machimboni Makongolosi, alipokuwa anakanyaga tope miguu mitupu, na kwa sababu ya viatu vile hakuna aliyewahi kuyatafuta.

"Kalinga, ndugu yangu," akaninong'oneza, ameshika shati langu, "usiseme safura. Sema chochote. Safura ni ya watu wa peku."

Nikamwambia, "Kwa sasa wewe ndiye uliye peku, bwana."

Dakta akamchoma Lwitiko sindano ile ile iliyokuwa ya Asegelile, akamlaza, akakisafisha kidonda. Siku ya tatu akaomba uji. Tumpe akalia, akanishika mikono miwili, "Ndaga, baba, ndaga fijo," ananishukuru mimi! Ningependa ardhi inimeze. Nikamwambia washukuru sisimizi.

Shida ikabaki hii: zile chupa mbili zingekwisha, na bila nyingine Lwitiko angekufa ndani ya siku chache. Fomu ya kuagizia dawa ilikuwa na mahali pa kuandika kazi ya mgonjwa. Dakta alikuwa ameshawahi kuomba insulini kwa mtu wa chini mahali alipokuwa zamani, wenye stoo ya mbali wakamrudishia fomu: mgonjwa apewe ushauri wa chakula. Kwa mfanyabiashara mwenye lori, chupa zilikuja kwa wiki moja. Tukakaa watatu, Dakta, mimi na Asegelile, na fomu katikati.

Nikasema, "Jina libaki la Bwana Asegelile. Dawa iende kwa Lwitiko."

Asegelile akaruka. "Kwa hiyo mimi niendelee kuwa na sukari?"

"Si uliitaka?"

"Na chai?"

"Bila sukari, bwana. Kila mahali. Watu wakikuona unakoroga, wenye maneno watafika mpaka kwenye stoo, na fomu itakufa, na kijana naye atakufa."

Mjue alikuwa mtu wa vijiko vitano, tena vya kulundika. Akamtazama Lwitiko kupitia dirishani, amelala, viatu vyekundu chini ya kitanda. Akasema, "Na safura yangu mtanitibu kimyakimya?" Nikasema kimyakimya kabisa. Akatia sahihi.

Basi kila asubuhi Mbeya iliona tamasha. Bwana Asegelile anakuja hospitali kuchomwa, kofia kichwani, na nyuma yake Lwitiko amebeba mkoba. Wanaingia wote chumba cha sindano, mlango unafungwa. Lwitiko anapandisha shati, nesi anachoma, na Asegelile, aliyeketi kwenye stuli, anapiga ukelele: "Aaah! Mama wee!" Watu barazani wanatikisa vichwa, "Pole, bwana, pole." Siku nyingine alipiga kabla sindano haijagusa, nesi akaruka. Nikamwonya. Akasema, "Kaka, na mimi nasikia maumivu, asubuhi hii nimekunywa kitu kama maji ya kuoshea vyungu."

Akampa Lwitiko chumba nyuma ya duka asitembee kutoka Mbalizi, akamwondoa kwenye magunia akamweka kusimamia mizani. Viatu hakuvidai. Alisema vimemkosea.

Mimi nilimwandikia Mzee Mhongole Iringa, nikamweleza yote, na kwamba kuanzia sasa napima wote, peku na viatu. Akajibu mstari mmoja: "Kwa hiyo na mimi niliwaua wangapi?" Nilitembea na ile karatasi mfukoni mpaka ikakatika.

Miaka ikaenda. Uhuru ukaja, Dakta akaenda kwao, fomu zikaacha kuuliza kazi ya mtu, na jina la Lwitiko likaingia daftarini kwa wino wangu mwenyewe. Nikaenda kumpa Asegelile habari njema. "Umefunguliwa, bwana. Koroga."

Akafikiri, akasema, "Watu watauliza nimeponaje ugonjwa usiopona. Utawaambia nini? Utasema ulimpima nyuki?" Akaendelea na chai yake chungu. Mwanzoni nilidhani ni sifa tu. Baadaye niligundua kwamba kila akiishika ile chai alikuwa anamtafuta Lwitiko kwa macho, akimwona anamwinulia kikombe.

Alikufa mzee, kwa ugonjwa wa mapafu. Msibani tulikuwa wengi. Mchungaji akasimama, akasifu subira yake, akasema ndugu yetu amesumbuliwa na sukari miaka yote hii, na leo sukari imemchukua. Watu wakaguna kwa huzuni. Nikatazama chini.

Lwitiko akasimama. Mvi zimeanza, mwili umejaa, viatu vyekundu vimetiwa viraka mpaka wekundu umebaki kwenye kisigino kimoja. Tumpe alikuwa anamvuta koti akae, hakukaa.

"Mchungaji, nisamehe," akasema. "Sukari haikumchukua. Hakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Sukari yake ninayo mimi."

Kisha mjane, aliyekuwa amejifunika khanga, akaguna. "Na mimi nilikuwa najua," akasema. "Mliona wapi mwenye sukari anayelamba mtungi wa asali akijifungia stoo?" Mtu mmoja akacheka, akajizuia, wakacheka wawili, na mwisho msiba wote ukawa unalia na kucheka kwa pamoja, na mjane akaagiza chai iwekwe sukari nyingi, ya marehemu.

Lwitiko akanyweshwa yake bila sukari. Akanikonyeza.

Basi, wajukuu zangu, mtu akikuletea chupa, soma chupa. Miguu mwachieni fundi viatu.